Dushi la Koko Feza

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Uvira, nilipewa nyundo nibomoe benwari, yaani lile beseni refu la kulalia, katika nyumba ya mkuu wa teritwari, wilaya yetu. Mkuu huyo, Mbelgiji, alitaka dushi la kisasa, la kuogea kwa maji ya kunyunyiza kutoka juu. Nilipofika nusu, uhuru ukaingia, naye akaondoka bila kuniambia niendelee au niache. Nikabaki nimesimama kwenye vifusi kama mjinga.

Mkuu mpya, mwenzetu wa Bwegera, alihamia na mama yake, Koko Feza; koko kwetu ni bibi. Miguu yake ilikuwa imekufa, akitembelea kiti cha magurudumu. Alizaa wavulana watupu, na kwetu mtoto wa kiume haoni mwili wa mama yake. Jirani mmoja alikuja kumwogesha akipata nafasi, na mara nyingi hakuipata.

"Weka karo za buluu," mkuu akaagiza, akimaanisha vigae, "na kizingiti kirefu, kama kwa wazungu."

Koko akaniita kando. "Fundi, hii kiti itaruka? Minye nataka niingie peke yangu, nifunge mulango."

Nilichanganyikiwa kabisa. Bila kizingiti, maji yangefika sebuleni. Na kizingiti kikiwapo, Koko asingeyafikia maji. Mwishowe nikaipa sakafu mteremko kuelekea sifoni, lile bomba lililopinda la kuzuia harufu. Karo za buluu zinateleza, kwa hiyo nikazipandisha ukutani; chini nikapanga vijiwe bapa vya mto Mulongwe. Chuma cha kushikilia nikakifunga usawa wa mkono wa mtu aliyeketi. Mkuu aliponiona na vijiwe alinuna, kisha akainama kutazama.

"Eh! Kumbe iko muzuri!"

Kabla sijaunganisha maji, uasi ukaingia mjini. Mkuu akakimbia, Koko akakataa katakata kubebwa. Kamanda wa waasi akahamia humo na vijana wake, ambao dawa yao ya vita iliwakataza kuoga. Nikajua atanibomolesha kila kitu.

"Weye unajengea nani?" akaniuliza.

"Sijui tena, shefu."

"Iko yangu," Koko akajibu kutoka kitini. "Na weye unanuka, mutoto wangu."

Kamanda akamtazama, akacheka mpaka akaketi.

"Fundi, maliza kazi ya koko."

Nikafunga bomba. Koko akajisukuma ndani, akafunga mlango. Sisi wanaume tukabaki nje, mimi na waasi na bunduki zao, tukisikiliza maji yakimwagika. Yalichukua muda, kamanda akaingiwa na wasiwasi, akagonga.

"Koko, uko muzima?"

"Musiingie!"

Serikali zikaendelea kubadilika, na wakuu wangu pia. Mpaka nastaafu, sikuelewa vizuri ni nani hasa aliyekuwa akinituma. Sasa magoti yangu yamekataa, nami nimejijengea dushi kama lile. Leo asubuhi binti yangu aligonga mlango kwa hofu.

"Papa, uko muzuri?"

Sabuni ilikuwa imenijaa machoni, na nilikuwa na furaha ya ajabu.

"Usiingie!" nikamfokea.