Bwawani Hakuna Kuongea

Kazi ya mama huyu ni kunyamazisha watu, na anaiweza. Yeye ndiye mwangalizi wa kibanda cha kutazamia ndege kwenye bwawa la msituni, chumba cha mbao chenye benchi moja refu na matundu ya kuchungulia, ambamo hata kukohoa ni kosa. Humo watu huongea kwa mikono. Kidole kimoja juu ni korongo. Viganja vikipigapiga hewa ni bata maji. Ngumi inayozama chini ni fisi maji, mnyama anayeonekana kwa nadra hadi wageni wengine wanadhani ni porojo za kuwavutia wateja. Ishara hizo alizibuni mwenyewe, na kila mgeni hufundishwa mlangoni kabla ya kukaa.

Kichekesho ni kwamba aliolewa na chiriku. Mumewe, dereva mstaafu wa lori, alikuwa anaongea tangu anaamka, anaongea na mswaki mdomoni, anabishana na mtangazaji wa redio. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuingia kibandani. Nani angemruhusu?

Kiharusi hakina utani. Kilimwacha mzee anatembea, anakula, anaelewa kila kitu, ila maneno yakagoma. Alikuwa akifungua mdomo, anaufunga, anageukia ukutani kwa aibu. Mama wa watu akaumia mno. Basi akafanya alichokijua, akamfundisha ishara za nyumbani: kidole juu ni maji, viganja pamoja ni chai, kichwa begani ni usingizi. Nyumba ikatulia na majirani wakamsifu.

Dada wa hospitali, yule anayewafundisha wagonjwa kuongea upya, hakumsifu. Aliwatazama wakipeana ishara mbele yake, akaweka kalamu mezani.

"Mama, haya ya mikono nani kawafundisha?"

"Mimi," alijibu, kwa majivuno kidogo.

"Sasa yeye aongee ili iweje? Kila kitu anapata bila kufungua mdomo. Mama yangu, unamzibia njia. Akizoea hivi, sauti haitarudi."

Mama alitoka pale akijilaumu. Mapenzi yake yote, kumbe yalikuwa yanamzika mtu mzima mzima.

Tangu hapo akajifanya haoni. Mzee akiinua kidole, yeye anauliza, "Unataka nini, mzee wangu?" halafu anangoja. Mzee akanuna. Akaacha kuomba chochote, akawa anajichotea maji mwenyewe huku kampa mgongo. Mama naye akawa analia jikoni, bomba likiwa wazi asisikike.

Siku moja hakupata wa kumwachia, akaenda naye kazini. Mlangoni aliwafundisha wageni ishara, mzee akiwa katikati yao, kisha akamkalisha kando yake kwenye benchi. Upande wa pili alikaa bwana mmoja mwenye kamera kubwa. Bwawa lilijaa bata maji.

Ghafla mzee akashtuka. Akakunja ngumi, akaizamisha chini.

Mama aliiona. Alimwona na fisi maji mwenyewe, kichwa kimechomoza kwenye matete, mnyama aliyemngojea msimu mzima. Akakaza macho mbele kama kipofu. Mzee akamvuta mkono wa gauni, akazamisha ngumi tena, kwa nguvu.

"Nini?" mama akauliza kwa sauti.

Wageni wote wakageuka. Mzee alimtazama kama mwendawazimu. Mishipa ya shingo ikamsimama, midomo ikahangaika, uso ukaloa jasho.

"Pa… Pale!"

Bata maji wakaruka kwa kishindo, wote. Fisi maji akazama.

"Mama, si umesema hakuna kuongea humu?" bwana wa kamera akafoka.

Mama alikuwa ameshamgeukia mzee. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Alimshika mumewe mikono yote miwili, akaibana mapajani isipate kuinuka.

"Wapi, mzee wangu? Mimi sijaona."

Mzee akavuta pumzi, amekasirika kwelikweli. "Pale."

Majini hapakuwa na kitu tena.

"Pale wapi?" mama akauliza.