Yaya Rahab na Jua la Januari

Shangazi yangu Rahab alikuwa yaya katika shamba la mzungu mmoja kule Rongai, na kama kuna mtu aliyejua kulea, ni yeye. Januari ya 1954 dada yake bwana shamba akaja kutoka Uingereza na mtoto wa miezi mitano. Kwao ilikuwa theluji tupu. Alipoliona jua letu, maskini, alilifurahia mpaka unamwonea huruma: alishinda nje kichwa wazi, pua ikabambuka kama kiazi cha kuchemsha, na bado anacheka.

Hilo halikuwa neno, pua ni yake. Shida ni kwamba alitaka na mtoto aote jua, eti kwao daktari husema linaimarisha mifupa. Kila siku, saa nne hadi saa sita, kigari cha mtoto kikae katikati ya nyasi, kifuniko kimekunjwa. Rahab alikuwa akingoja mama mtu aingie ndani, kisha anakisukuma hadi chini ya jakaranda. Siku ya tatu akashikwa.

“Ukikisogeza tena,” memsabu akamwambia, “nitamwambia kaka yangu akufukuze kazi.”

Rahab alikuwa amesoma misheni, Kiingereza alikielewa vizuri. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwashuku Wakikuyu wote kuwa waasi. Mkikuyu asiye na kazi pale Rongai alipakiwa kwenye lori akarudishwa rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Wakikuyu, na huko Rahab hakuwa na hata pa kulala. Usiku ule alilia, hakunificha aliponisimulia.

Kesho yake alikiweka kigari juani kama alivyoagizwa. Halafu akasimama upande wa jua, akatandaza aproni yake kwa mikono miwili juu ya mtoto. Jua likipanda, naye anasogea. Saa moja ikapita, ya pili ikaanza. Memsabu akatoka.

“Nilikwambia nini?”

“Kigari sijakisogeza, memsabu.”

“Na wewe husikii joto?”

“Nasikia.”

“Basi si uondoke?”

“Mimi naweza kuondoka. Huyu hawezi.”

Memsabu akaitazama ile aproni iliyotandazwa juu ya mtoto. Akamgusa Rahab begani, nguo ilikuwa moto.

“Kesho mweke unapoona wewe,” akasema taratibu, akakisukuma kigari mwenyewe hadi kivulini.

Rahab alitaka kumfuata, miguu ikakataa. Akabaki amesimama palepale juani, mpaka memsabu alipogeuka, akarudi, akamshika mkono.