Maua ya chokoleti niliyomalizia na mama mkwe bila kuonana

Wakuu, hamjambo humu. Hii ni yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Wa kucheka acheke.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa keki kwenye hoteli moja Kisumu. Kwetu ni Khwisero, lakini nimeoa Shinyalu, hapo hapo Kakamega. Mama mkwe alitaka binti yake aolewe na mwalimu, akaletewa mtu wa kuvaa aproni. Hakunitukana hata siku moja, ila nilijua.

Shemeji yangu mdogo akawa anaolewa, nami nikaahidi keki. Ahadi ni deni.

Keki yenyewe iliiva poa. Shida ilikuwa mapambo, maua na majani ya chokoleti. Unayeyusha juu ya maji moto, unamimina kwenye mould za plastiki, ikiganda unatoa, unakata kingo kwa wembe na kung'arisha kwa pamba. Kazi rahisi sana kama una friji.

Pale kwa wakwe Shinyalu, nilikokuwa naipamba, hakukuwa na stima.

Mchana wa kuamkia harusi, mabati yanachoma, chokoleti imekataa kuganda. Kila ua nililotoa lilikuja limelegea kama uji. Mke wangu alikuwa ameenda town na bibi harusi kusukwa. Nilikuwa peke yangu sebuleni, karibu nilie. Keki ikitoka uchi, mimi ni kicheko cha ukoo mzima.

Baridi ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye mitungi ya maji, chumbani kwa mama mkwe.

Kwa wasiojua, wakati ule kwetu Waluhya mkwe haingii huko hata nyumba ikiungua. Hamshikani mikono, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja anajitosa kwenye mahindi.

Mara nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta wa chumba, kisha mama mkwe akiniita kwa jina la mtoto wangu.

"Baba Muhonja, weka hizo vitu kwa kiti hapo mlangoni. Halafu utoke nje."

Nikaweka, nikatoka. Kurudi, kiti kitupu.

Tukaendelea hivyo mpaka jua likapoa. Namimina, naweka, natoka. Yeye anabeba hadi kwenye mitungi, na yakiganda anayarudisha kwenye kiti. Nikamweleza kupitia ukuta jinsi ya kukata kingo, na ashike kwa kitambaa maana joto la vidole huacha alama. Majani ya kwanza aliyachonga kama mwiko, lol. Ya baadaye yakawa mazuri.

Tulipomaliza akasema kutoka huko ndani:

"Ua moja imevunjika kwa mkono yangu. Nimeikula. Kumbe hii ndiyo kazi unafanyanga?"

Nikaitikia ndiyo, mama.

"Basi fanya tu, mwanangu."

Wakuu, nilikuwa na miaka mitano ya ndoa na sikuwahi kuitwa hivyo pale. Nilitoka nyuma ya nyumba nikafuta macho kwa aproni.

Nilichojifunza: mtu anaweza kukupenda akiwa upande wake wa ukuta. Usimlazimishe avuke.

Sasa mliooa huku kwetu, nyinyi mlikubaliwa siku gani? Mwageni hapa, nasoma zote.