Kitabu cha Mwisho cha Chelangat

Nikuambie mapema kwamba mimi si mtu wa kuona vitu. Nimezaliwa Kedowa, kwa watu wa viazi na mahindi, na marehemu baba yangu alikuwa mzee wa kanisa ambaye mbwa wakibweka usiku alisema ni njaa tu. Nimeolewa huku juu ya Kapkatet miaka kumi na tisa sasa, na sijawahi kuogopa kaburi wala kichaka. Haya ninayokusimulia niliyaona mchana kweupe, nikiwa nimeshiba na macho yangu mawili wazi. Ukiamua kutoniamini sitakununia, maana hata mimi ningekuwa wewe ningesita.

Yote yalianza na vitabu. Unawajua wale wachuuzi wanaomwaga vitabu vya mitumba kwenye turubai siku ya soko? Hapo ndipo nilipookota cha kwanza, jalada limeliwa na panya. Kilikuwa riwaya ya upelelezi kutoka zile nchi za baridi za kaskazini mwa Ulaya, imetafsiriwa kwa Kiingereza. Mpelelezi wake ni mwanamke wa makamo, mkali, mpenda kahawa, anayeishi kando ya ziwa ambalo nusu ya mwaka huwa barafu tupu. Katika kila kitabu ana mauaji mapya ya kuchunguza, lakini kuna jambo moja lisiloisha. Kaka yake alitoka nyumbani asubuhi moja, na tangu hapo hajaonekana.

Sisi wakulima wa chai tunajua kungoja. Unachuna tangu alfajiri, unafikisha majani kituoni saa nane, kisha unakaa kwenye benchi ukingoja gari la kiwanda, ambalo huja likipenda. Wenzangu waliponiona nacheka peke yangu na kitabu waliniuliza kuna nini humo. Nikaanza kuwasimulia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na baada ya wiki moja hakuna aliyelalamika tena gari likichelewa. Jina la yule mpelelezi liliwashinda, wakampa la hapa, Chelangat, yaani msichana aliyezaliwa jioni, kwa sababu walisema huko kwao ni jioni siku nzima. Walimsengenya kama jirani. "Huyo Chelangat kahawa anakunywa mingi sana," mmoja alikuwa akisema, "ndiyo maana hapati usingizi."

Lakini hakuna aliyesikiliza kama mama mkwe wangu, Mama Kibet.

Kibet ni mtoto wake wa kwanza, kaka wa mume wangu. Mimi sikumkuta. Kabla sijaolewa alibeba begi, akasema anaenda kutafuta kazi ya kupasua mbao na atarudi Krismasi, na hiyo Krismasi haijafika mpaka leo. Kila Desemba Mama alikuwa akiisiriba upya ile nyumba ndogo ya udongo aliyoiacha Kibet, akitoa blanketi nje zipigwe na jua, akizirudisha kitandani. Hakuna aliyethubutu kumtaja Kibet kama mtu aliyekufa. Na kila nilipofunga kitabu, Mama alikuwa na swali moja.

"Na ndugu yake Chelangat?"

"Bado, Mama."

"Watampata. Wakipata huyo, na wangu yuko."

Basi tukasoma hivyo vitabu vinane, vingine kwa mpangilio, vingine kinyumenyume, kadiri turubai lilivyonipa. Cha tisa ndicho cha mwisho, na hicho hakikupatikana sokoni. Aliniletea binti yangu Faith kutoka Nairobi alipofunga chuo. Nilijifungia nacho siku mbili, nikaunguza maharagwe mara mbili. Kumbe yule kaka alikufa siku ile ile aliyotoka nyumbani. Alivuka ziwa barafu ikiwa nyembamba, ikapasuka, akazama. Mzee mmoja wa ng'ambo aliuokota mwili, akaogopa kusingiziwa, akauzika porini bila kumwambia mtu. Chelangat alikuwa amekunywa kahawa nyumbani kwa mzee huyo katika vitabu vinne. Nilikiweka kitabu chini, na aliyenijia akilini hakuwa Chelangat.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilifanya ujanja. Nilianza kukisimulia kituoni, lakini kila nilipokaribia mwisho nilirudi nyuma. Niliingiza mwizi wa kondoo ambaye hayumo kabisa. Nikaingiza harusi. Kitabu cha kurasa mia nne nilikivuta wiki tatu, na wanawake wakasema hiki ndicho kitamu kuliko vyote.

Siku moja ukungu ulishuka mapema juu ya chai. Nilimwona mwanamume ameketi mwisho wa benchi, kikapu mgongoni, kile cha zamani cha kusukwa ambacho siku hizi hakuna anayekitumia. Kikapu kilikuwa kitupu. Sweta yake ilikuwa imelowa chapachapa, inadondosha maji, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Mkono wa kushoto ulikosa vidole viwili vya mwisho. Nikadhani ni kibarua wa shamba jingine. Gari lilipofika na watu wakakimbilia mizani, yeye akanijia.

"Unaongeza maneno," akasema.

"Wewe umejuaje?" nikamuuliza, tena kwa ukali, maana alikuwa amenishika.

"Somea Mama vile imeandikwa. Mimi nimechoka kungojwa."

Nilifikiri ameniambia kungoja, kungoja gari kama sisi sote. Nilipokuwa natembea kwenda nyumbani ndipo neno lenyewe liliponirudia, nikasimama katikati ya njia.

Kesho yake Mama hakuningojea nifungue kitabu. "Mama Faith, leo maliza," akasema. "Mimi ni mzee." Nilifungua ukurasa wa mwisho. Niliyaona maneno, yako pale, meusi. Nikainua macho nikaona uso wake, na mdomo wangu ukasema wamempata. Nikasema alikuwa kwenye meli za wavuvi mbali sana, alipigwa na kitu kichwani akasahau kwao, na sasa amerudi na ndevu, na Chelangat amemchemshia kahawa. Wanawake walipiga makofi. Mama hakupiga. Alilia kimya kimya akisema, "Si nilisema? Si nilisema?"

Yule mtu alikuwa mwisho wa benchi. Alisimama akanitazama, si kwa hasira, ila kama mkulima aliyeambiwa gari halitakuja leo. Kisha akaingia ndani ya chai. Kama umewahi kukaa na chai unajua kwamba pasipo na njia hupiti, miti imeshikana mpaka kiunoni na lazima uisukume. Niamini, hakuna jani lililotikisika. Nikamuuliza jirani yangu yule ni nani.

"Nani? Hapo mwisho hakuna mtu. Nani atakalia benchi iko na maji hivyo?"

Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa anakunywa chai, akaiweka chini.

"Vidole gani?"

Nikamwonyesha. Akaniambia Kibet alikatwa na mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe akiwa darasa la saba. "Usiambie Mama," akasema, kisha akatoka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Nilibaki jikoni. Nilimwogopa Kibet, lakini niliuogopa zaidi ule uso wa furaha wa mama yake.

Maana sasa Mama hakukamatika. Aliisiriba ile nyumba mwezi wa sita. Alinunua godoro jipya. Kila aliyemkuta njiani alimweleza habari za ndugu ya Chelangat, na mimi nikiitikia kwa kichwa kama bubu.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia nyumbani kwa Joan, mke wa shemeji yangu mdogo, alipojifungua mtoto wa kiume. Katika boma letu kuna desturi ambayo mchungaji haipendi, ingawa mama yake mwenyewe hakosi kuja. Wanawake wazee humnusisha mtoto ugoro kidogo sana, wakiita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likiitwa, huyo ndiye aliyerudi. Wanaiita kurenet. Sasa fikiria, mtu ambaye mama yake amekataa kwamba amekufa, jina lake litaitwa lini?

Walianza asubuhi. Wakaita babu, wakaita baba wa babu, wakaita mpaka watu ambao walikuwa wakikumbukwa na shangazi mmoja tu. Mtoto kimya. Jua likafika utosini. Joan akaanza kulia, maana ni mtoto wake wa kwanza na aliona wote wanamtazama vibaya. Shangazi akasema polepole, "Kuna moja hatujaita."

"Hiyo hapana," Mama akasema. "Huyo yuko hai. Hata kwa kitabu alirudi."

Nikainua macho. Alikuwa amesimama mlangoni, jua kali limempiga mgongoni, na sweta bado inadondosha maji. Hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

"Mama," nikasema, "nilikudanganya. Kitabu hakikuisha hivyo."

Chumba kizima kikanigeukia. Mama ndiye aliyeuliza.

"Kiliisha aje?"

Nikamwambia. Barafu, mzee wa ng'ambo, kaburi la porini ambalo hakuna aliyelijua. Sikupamba hata neno. Kisha nikamwambia na yale ya benchi, sweta, kikapu, vidole viwili, na neno aliloniagiza. Nililia nikiyasema, sikatai. Mama aliutazama mlango kwa muda mrefu, na sijui kama aliona kitu. Halafu akachukua ugoro mkononi mwa shangazi, akainama, akaliita jina la mwanawe yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo ya kumwamsha mtu aliyelala.

Mtoto akapiga chafya mara mbili. Nilipotazama tena, mlangoni kulikuwa na jua na kuku.

Ibada ya kumuaga Kibet ilifanyika bila jeneza. Nyumba ya udongo ilibomolewa, na godoro lile jipya analalia mtoto. Mimi sisomi tena kituoni. Wenzangu wamenisihi, kuna mfululizo mwingine umefika sokoni, nimekataa. Na nikuonye na wewe: kama kuna mtu anakungojea neno gumu, mpe vile lilivyo. Usimtilie sukari ukadhani ni huruma. Mimi nilidhani namwonea huruma mtu mmoja, kumbe nilikuwa nawatesa wawili.

Miezi mingi Mama alinisalimia tu, hakuongeza kitu. Kisha mchana mmoja, tukichuna bega kwa bega, akaniuliza bila kugeuka.

"Hiyo sweta. Siku ya kwanza ilikuwa imelowa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na siku ya mlango?"

Ningeweza kusema ilikuwa imekauka. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Hata siku hiyo, Mama."

Alichuna mpaka mwisho wa mstari. Akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Ni mimi nilikuwa nimemsimamisha kwa mvua miaka hiyo yote."