Tamthilia Waliyoichukia Basotu

Aliyekufa alikuwa baba, kwa nini tulioogopwa tulikuwa sisi? Nilikuwa na miaka kama kumi wakati huo. Baba alipindukiwa na trekta kwenye mashamba ya ngano, na kwetu Basotu nyumba iliyopatwa na kifo cha aina hiyo ilitengwa mpaka wazee waitakase. Hatukupeana mikono na mtu, hatukunywea vikombe vya watu, ng'ombe wetu walinywa maji upande wao wa ziwa. Kanisani tulikaa benchi la nyuma peke yetu, tukihubiriwa upendo. Wazee walishakubaliana kututakasa baada ya mavuno, na baba mdogo, ndugu yake marehemu, aliingojea siku hiyo ili amrithi mama. Alishaanza kutuita wanangu, tena kwa sauti ya kuamuru.

Jumapili mchana Mama Zuhura, mwenye duka, aliwasha televisheni katika chumba cha nyuma kilichonuka samaki wakavu na jasho la watu waliovaa nguo za ibada. Mimi nilitazama kutoka nje, dirishani. Msimu ule alileta tamthilia mpya ya mazombi, na juu ya Kiingereza chake mwanamume mmoja alitafsiri kwa kupayuka. Watu waliichukia tangu mwanzo. Mama mmoja kwenye skrini alipomkumbatia mwanawe aliyekwisha kuumwa na zombi, chumba kizima kilimzomea.

"Wee mama, usimguse! Si ameshakufa huyo?" alifoka Mzee Gwandu, mmoja wa wazee waliotutenga. "Hawa watu hawana wazee?"

"Wana bunduki, Mzee, wazee wa nini?" kijana mmoja akamjibu.

"Mama Zuhura, toa uchafu huu! Tumetoka kusali sasa hivi."

"Anayetaka kwaya arudi kanisani," Mama Zuhura akajibu.

Hakuna aliyerudi. Walitukana mpaka mwisho, na Jumapili iliyofuata wakawahi viti. Siku hiyo ndipo msichana mmoja aligeuka akaniona. "Jamani, zombi lenyewe hilo dirishani!" Wakacheka, kisha waliokaa karibu na dirisha wakasogeza benchi. Mzee Gwandu hakucheka. Alisema jambo hilo si la mzaha, na kwamba nyumba yetu isiharakishwe kutakaswa. Nilikimbia nyumbani nikilia. Mama hakunibembeleza, aliuliza tu Mzee Gwandu kasemaje, akaendelea kupepeta maharage.

Tamthilia iliendelea, na hofu nayo. Wazee wakasogeza siku yetu mpaka baada ya kupanda, kisha wakaisogeza tena. Baba mdogo alinung'unika, akachoka, akaoa mwanamke mwingine mjini Katesh. Tulipotakaswa hatimaye, hakuna aliyekuja tena kutuita wanangu, nami sikuona kama jambo hilo na tamthilia ile vina uhusiano. Niliwachukia watazamaji wale kwa moyo wote. Chuo kikuu niliwataja darasani kama mfano wa ujinga unaomwonea mjane, nikapigiwa makofi.

Siku hizi kuna tamthilia nyingine mpya ya mazombi, nami husoma maoni ya watazamaji kwenye simu. Takataka. Waigizaji wakavu kama mbao. Aliyeandika hii afungwe. Halafu mtu huyohuyo anauliza sehemu inayofuata inatoka lini. Ni Basotu ileile, ila hawa wenye simu hawana benchi la kusogeza, wala hawamjui mtu ambaye hasira yao inaweza kumwangukia. Zamani ningesema hiyo ni nafuu.

Mwaka jana nilipita dukani kwa Mama Zuhura, nikamwamkia shikamoo, kisha nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakuizima ile tamthilia baada ya mimi kuitwa zombi. Alisema alishaamua kuizima. Kesho yake asubuhi mama yangu alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara kama mila ilivyotaka, akamwomba aendelee kuionyesha mpaka shemeji yake akate tamaa.