Damu ya Zuhura

Harufu ya petroli ikichanganyika na jasho la watu na vumbi lililomwagiwa maji hunirudisha moja kwa moja kwenye banda la video la pale Nyamwaga. Jenereta lilinguruma nje. Ndani tulibanana kwenye mabenchi, na mtafsiri, kijana mwenye maikrofoni, aliwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, kwa sauti ileile moja.

Jumamosi moja mchana nilikwenda na Zuhura. Wazazi wake walitoka Tanga, baba yake akifuata dhahabu, nasi tulikuwa tumewapangisha chumba uani kwetu. Tulikuwa darasa la tano, dawati moja. Filamu ilihusu viumbe wa sayari nyingine waliovaa ngozi za binadamu na kuishi mtaani kama sisi: huyu ana duka, yule anafundisha. Walijulikana kwa mambo mawili tu. Hawakula chakula cha watu, na damu yao ilikuwa ya kijani. Zuhura alinishika mkono mpaka mwisho. Tulirudi nyumbani tukikimbia na kucheka, kila mmoja akimkagua mwenzake kucha kama zina rangi ya kijani.

Wiki iliyofuata Ramadhani ikaanza, na Zuhura akawa anabaki darasani wakati wa uji. Mama alikuwa amenieleza: "Wenzetu wamefunga. Usiende kumtafunia mahindi usoni." Kwa hiyo nilijua. Naomba mlishike hilo, kwa sababu kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba sikujua.

Siku moja wasichana wa darasani walinizunguka niwasimulie ile filamu. Sikuwahi kuzungukwa hivyo maishani. Nilipofika kwenye viumbe wasiokula, mmoja akauliza, "Mbona Zuhura naye hali?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Badala yake nikashusha sauti kama yule mtafsiri: "Na jina lake je? Mwalimu si alitufundisha Zuhura ni sayari?"

Wakapiga kelele, nusu hofu, nusu raha. Tukamfuata darasani, mimi nikiwa mbele.

"Nimefunga," Zuhura alisema. Kisha akanigeukia. "Ghati, waambie. Wewe unajua."

Nilitazama sakafu.

"Tuone damu yake," mtu akasema. Bikari iliyotumika ilikuwa yangu, na hakuna aliyenilazimisha kuitoa mkobani. Walimshika mkono, nikamchoma kidole. Ikatoka damu nyekundu, ikadondokea daftari lake la sayansi. Wenzangu wakatawanyika wakirudi kwenye uji, kama watu waliopunjwa. Zuhura hakukililia kidole. Aliniuliza mimi, kana kwamba ndiye ningejua, "Sasa saumu yangu imeharibika?"

Niliifuta bikari kwenye sketi, nikairudisha mkobani.

Jua lilipozama alikuja jikoni kwetu kama kila siku, amebeba bakuli la tambi kutoka kwa mama yake, kidole kimefungwa kitambaa. "Shikamoo mama." Mama akamwuliza amefanya nini. "Nimejichoma na bikari," akasema, bila kunitazama. Nilishusha pumzi. Nikala zile tambi, tena nikaongeza.

Baada ya sikukuu baba yake alipata machimbo mengine, wakaondoka na pikipiki mbili, godoro limefungwa nyuma. Nilifurahi, nawaambia kweli, maana niliona siri yangu imeondoka nao.

Nilidhani alininyamazia kwa kuniogopa. Miaka mingi baadaye kazi ikanipeleka Lindi, ambako walicheka matamshi yangu sokoni na ofisini, na kila mama aliponipigia simu nilimwambia watu wa huku ni wazuri sana, wananipenda. Siku moja nikiwa nasema hivyo hivyo, machozi yakinitoka, nikamwona Zuhura amesimama jikoni kwetu. Hakuwa akiniogopa mimi. Alikuwa akimkinga mama yake, ambaye pale uani hakuwa na mtu mwingine wa kumwita jirani ila sisi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mzigo ule nilimtwisha mimi, nikijua.