Paka Aliyekula kwa Niaba ya Baba

Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo hapa Bariadi, nasubiri dawa ya kupe, akaingia mama mmoja na mumewe. Mume alibeba tenga, na ndani ya tenga alilala paka mnene aliyechoka.

Daktari wa mifugo, aliyezoea ng'ombe, alimpima paka damu, akarudia, akasema, "Huyu ana kisukari. Mpeni samaki na nyama, asubuhi na jioni, na kila akishakula mchomeni insulini. Nani anampa vitu vitamu?"

"Paka wangu?" mama akashangaa. "Michembe ya viazi vitamu na chai ya maziwa ni vya baba watoto tu."

Baba watoto akaanza kusoma makopo ya dawa ya minyoo kama mwenye mtihani kesho.

"Baba?"

"Hospitali walinikataza vitu vitamu tangu mavuno," akajibu bila kugeuka. "Nikiacha chakula chako, utasema nimekula kwa mwingine. Nikawa nampa paka."

Ndivyo tulivyo sisi wanaume wa huku. Fisi tunamfukuza kwa fimbo, lakini kumwambia mke "nimeshiba" tunamtuma paka.

Mama hakugomba. Alifunika tenga taratibu, akasema, "Na leo nimechemsha michembe sufuria nzima." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole: "Wewe baba, umeshakula?"

Nilikuwa nimetoka kula wali na kuku, tumbo limejaa.

"Bado, mama," nikajibu.